Anayetaka udaktari na aanze kwa kuuliza mguu umeponaje

Mzazi, kijana wako amefanya mtihani wa KCSE na amepata alama za kumwezesha kusomea udaktari. Matokeo yalitoka Januari. Chuo hakitamwita hadi Agosti au Septemba. Je, miezi hiyo yote ataipitisha akifanya nini?

Katika miaka ya 1980 serikali ilikuwa na jibu. Waliochaguliwa kujiunga na chuo kikuu walipelekwa kwanza katika kambi za NYS, wakaamshwa alfajiri kukimbia mchakamchaka na kushika majembe. Mpango huo ulisitishwa zamani. Siku hizi kila jamaa hujitafutia lake. Kijana wa mjini husomea kompyuta au hushinda na simu mkononi. Wa mashambani huvuna, hufundisha katika shule ya jirani bila cheti cha ualimu, au huendesha pikipiki ya mjomba.

Ipo kazi nyingine, isiyotajwa sana nyumbani wala shuleni, ambayo yamkini ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayetaka kuwa daktari. Ni kazi ya msaidizi wa utafiti katika wodi ya mifupa.

Nchini Marekani kazi hii inajulikana mno. Huko mtu haingii shule ya udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, hufanya mtihani uitwao MCAT, kisha ndipo huomba nafasi, na wanaochagua hutaka kujua kama amewahi kuwa karibu na wagonjwa. Kwa hivyo wengi huchukua mwaka mmoja au miwili wakifanya kazi katika idara za utafiti za hospitali, na idara ya mifupa ni mojawapo ya zinazowapokea. Huitwa "intern". Hapa kwetu jina hilo huleta utata, maana intern tunayemjua ni daktari aliyekwisha kumaliza miaka sita ya chuo na sasa anahudumu mwaka mmoja chini ya wakubwa wake. Ndio hao ambao kupelekwa kwao kazini na malipo yao yalikuwa kiini cha mgomo wa madaktari wa mwaka 2024.

Tunayemzungumzia leo hajafika huko. Hashiki kisu. Hadungi sindano wala haandiki dawa. Anashika kalamu, na ukitaka kujua kwa nini kalamu hiyo ina thamani, twende pamoja hadi Kibirichia.

Pikipiki na viazi

Kibirichia iko Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, mahali pa baridi kali na udongo mzuri. Ukila chipsi Nairobi, huenda umekula viazi vya huko bila kujua. Viazi hivyo havifiki barabarani vyenyewe. Zamani vilibebwa kwa punda na kwa migongo ya akina mama. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, bodaboda imekuwa ndiyo gari la shamba: gunia mbele, gunia nyuma, na abiria ikiwezekana.

Tuseme basi kuna mwendeshaji mmoja, kijana wa miaka 27, mwenye mke na watoto wawili. Jioni moja mvua imenyesha, barabara inateleza, lori linatokea kwenye kona. Pikipiki inamwangukia. Mfupa wa muundi unavunjika na kutoboa ngozi. Majirani wanamfunga mguu kwa vipande vya mbao, wanamtia katika gari la viazi na kumteremsha hadi mjini Meru. Kidonda kinasafishwa, anapasuliwa, mfupa unanyooshwa na kushikizwa kwa chuma. Baada ya siku kadhaa anapewa magongo na karatasi iliyoandikwa: rudi baada ya wiki sita.

Hapo ndipo hadithi nyingi hukatika.

Wiki sita zinapotimia, nauli ya kwenda na kurudi mjini ni pesa ya unga wa nyumba nzima. Labda mguu umetulia, naye haoni sababu ya kwenda kupanga foleni. Labda unatoa usaha, na mama mkwe ameshauri apelekwe kwa mzee anayejua kunyoosha mifupa. Labda ana deni la hospitali na anaogopa kuonekana. Daktari aliyempasua hajui ni lipi kati ya hayo. Katika faili kuna ukurasa mmoja uliojaa maandishi na kurasa kumi zilizo wazi.

(Nikiwa hapo kwa mzee wa mifupa, tusimcheke. Hugh Owen Thomas, daktari wa karne ya 19 mzaliwa wa Wales aliyebuni gango la kushikilia paja lililovunjika, gango ambalo lilikuja kuokoa askari wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alizaliwa katika ukoo wa waganga wa mifupa wasio na shahada yoyote. Tofauti ni kwamba yeye alienda kusomea udaktari.)

Daktari aliyehesabu makosa yake

Kurasa hizo zilizo wazi ziliwahi kumkosesha usingizi daktari mmoja wa Boston, Marekani, aitwaye Ernest Codman, aliyezaliwa mwaka 1869. Swali lake lilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: mgonjwa tuliyemtibu mwaka jana yu hali gani leo? Alitaka kila hospitali imfuate kila mgonjwa kwa muda wa kutosha hadi ijulikane kama tiba ilifaulu, na kama haikufaulu, ijulikane kwa nini. Alikuwa na kadi ndogo kwa kila mtu aliyempasua.

Wenzake hawakumshukuru. Nani anataka makosa yake yaandikwe? Mwaka 1911 Codman alifungua hospitali yake ndogo, na kufikia mwaka 1916 alikuwa ametibu na kuruhusu kuondoka wagonjwa 337. Akachapisha hesabu yake hadharani: makosa 123. Aligombana na wakubwa wa mji, akajiuzulu katika hospitali kubwa aliyokuwa akifanyia kazi, na alipofariki mwaka 1940 hakuwa tajiri. Leo hakuna utafiti wa maana wa mifupa usiouliza swali lake.

Sasa, msomaji, ni nani anayeuliza swali hilo kwa niaba ya daktari wa mifupa mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni? Daktari hana muda wa kumpigia simu mtu wa Kibirichia mara tano. Muuguzi wa wodi hana pia. Anayetumwa ni huyu msaidizi wa utafiti.

Na si karatasi tupu anayoijaza. Chukua mfano wa shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 katika jimbo la Washington na Lewis Zirkle, daktari wa mifupa aliyekuwa amehudumu katika vita vya Vietnam. Shirika hilo hutengeneza msumari wa chuma unaoingizwa ndani ya mfupa mrefu, na umebuniwa ili daktari aweze kuupachika bila ile mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo wakati wa upasuaji, mashine ambayo hospitali nyingi za kwetu hazina. Mtu aliyevunjika paja, ambaye zamani angelala kitandani wiki sita hadi kumi na mbili mguu ukivutwa kwa uzito, huweza kuinuka baada ya siku chache. Misumari hiyo imetumika Tenwek kule Bomet, imetumika Dar es Salaam, na katika nchi nyingi maskini. Hospitali hupewa bila malipo. Lakini sharti ni kwamba kila upasuaji uripotiwe pamoja na picha zake, na taarifa ikifika ndipo msumari mwingine hutumwa kujaza pengo. Kwa maneno mengine, taarifa ya mgonjwa wa jana ndiyo inayomletea mgonjwa wa kesho chuma chake.

Chuchumaa, tabasamu

Shirika hilo hilo ndilo lililoeneza kipimo ambacho ninakipenda kuliko mashine zote. Mgonjwa akirudi, huombwa achuchumae na atabasamu, kisha hupigwa picha. Basi. Ukifikiri kidogo utaona busara yake. Mtu ambaye mfupa wa paja haujaunga hawezi kuchuchumaa hadi chini. Ambaye goti limekauka hawezi pia. Anayeweza lakini anaumia, uso utamsaliti. Na kwa mtu wa shamba, kuchuchumaa si mazoezi ya ukumbini: ndiko kwenda choo cha shimo, ndiko kupalilia, ndiko kuokota viazi nyuma ya jembe.

Dhihaka ya hospitali? La hasha. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchunguzi wao kuhusu kipimo hicho kwa waliovunjika paja. Walitazama kina cha kuchuchumaa, kama mtu anahitaji kushikilia kitu, na sura ya uso wake.

MOI, iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1996, inafaa kutajwa kwa jambo la pili. Ndiko ulikofanywa utafiti mkubwa kuhusu mvunjiko ule ule wa kijana wetu wa Kibirichia, muundi uliotoboa ngozi. Wagonjwa zaidi ya 200 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliwekewa msumari ndani ya mfupa, wengine fremu ya chuma nje ya mguu. Wakafuatwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hayakuonyesha tofauti ya wazi kati ya makundi hayo mawili katika vifo na katika kupasuliwa tena kwa sababu ya maambukizo au mfupa kutounga. Jibu hilo lina uzito kwa hospitali inayopima fedha zake. Lakini fikiria: lingewezekanaje bila watu wa kuwatafuta wagonjwa hao mitaani, mwezi baada ya mwezi, na kuandika walichokiona?

Kalamu ina mitego

Kijana anayeingia kazi hii hudhani ni ya kujaza visanduku. Siku ya kwanza atagundua vinginevyo. Mfano mmoja utatosha: saa.

Kwa mvunjiko ulio wazi, dawa za kuua viini zinatakiwa kutolewa mapema iwezekanavyo, kwa hivyo kila utafiti hutaka kujua ajali ilitokea saa ngapi. Mgonjwa anasema "saa mbili usiku". Faili ya hospitali, inayofuata saa za Kizungu, inasema dawa ilitolewa 3:00. Msaidizi mwenye haraka anaandika ajali ilitokea 2:00. Tazama alichokifanya. Ajali ilitokea 20:00, na mtu huyu alikaa saa saba na kidonda wazi. Karatasi sasa inasema alingoja saa moja tu. Rudia kosa hilo kwa wagonjwa thelathini na utamshauri waziri wa afya kwamba hali ya magari ya wagonjwa ni nzuri.

Halafu kuna maumivu. Dodoso humtaka mgonjwa ayape alama kutoka 0 hadi 10. Wazee wengi walilelewa kuamini kwamba mwanamume hatamki kuumwa. Atakwambia "ni kidogo tu" huku jasho likimtiririka katika baridi ya mlima. Kazi yako si kumsahihisha wala kumtilia maneno mdomoni. Unaandika alichosema, na pale pa maelezo unaandika ulichoona.

Lipo dodoso lingine litumikalo duniani kote, EQ-5D, lenye mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Lina tafsiri ya Kiswahili. Lakini nyanya wa Kibirichia atakujibu kwa Kimeru, na "shughuli zake za kila siku" ni kuchota maji na kubeba kuni. Kijana wa Lavington mwenye Kiingereza kizuri atakwama hapo. Kijana wa Kibirichia hatakwama. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye anayefaa kazi hii, na inasikitisha kwamba mara nyingi nafasi humwendea wa kwanza kwa kuwa baba yake anajuana na daktari.

Jambo la idhini sitalirefusha, ila lisikiuke kamwe. Mgonjwa ana haki ya kukataa kushiriki na bado atibiwe vilevile. Aliye chini ya miaka 18 huidhinishiwa na mzazi au mlezi. Mtu aliyelala na mguu uliovunjika humwona kila mwenye koti jeupe kuwa daktari, na atakubali lolote kwa hofu. Ndiyo maana msaidizi hutakiwa kusema wazi mwanzoni: mimi si daktari, na ukikataa hakuna atakayekukasirikia.

Maswali ya mzazi

Usingoje tangazo gazetini. Nafasi za namna hii hupatikana kwa kuandika barua kwa mkuu wa idara ya mifupa au kwa mtafiti mwenyewe. Upande wa Meru kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru, kuna Maua Methodist, kuna Consolata ya Nkubu, na ukishuka Tharaka-Nithi kuna PCEA Chogoria. Barua iwe fupi, itaje alama za mtihani, lugha anazozijua kijana, na muda alio nao. Lugha zisisahauliwe, huenda ndizo zitakazompa nafasi.

Akikubaliwa, mzazi usifurahi kwanza. Uliza utafiti wenyewe ni upi na ni nani anayeusimamia kwa jina. Uliza kama umepitishwa na kamati ya maadili na kama una kibali cha NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Utafiti usio na karatasi hizo mwanao asiuguse. Uliza atafundishwa nini kabla ya kukutana na mgonjwa wa kwanza. Uliza pia ni nani atakayelipa nauli na chakula cha mchana, maana wapo wakubwa wanaoona kijana aliye na hamu ya udaktari kuwa kibarua wa bure. Kujitolea mwezi mmoja ili ujifunze ni sawa. Mwaka mzima wa kupanda matatu kwa pesa ya mama si kujitolea tena.

Na mwulize kijana mwenyewe swali moja: anataka kazi hii, au anataka kuwa na la kusema kwamba aliifanya? Anayetaka la kusema atachoka wiki ya tatu. Usiku mmoja, akiwa amebakiza fomu sita, atajaza majibu kutoka kichwani. Hakuna atakayejua. Mgonjwa aliyeandikwa "anatembea vizuri" huenda wakati huo yuko kitandani na mguu umeoza, na hesabu yake imekwisha kuingia pamoja na za waliopona.

Kumtafuta mtu

Hebu tumrudie yule mwendeshaji wa pikipiki. Wiki sita zimepita, hakuja kliniki. Simu imezimwa. Msaidizi anapanda gari hadi Kibirichia.

Hapa ndipo busara ya nyumbani huhitajika kuliko ya darasani. Hauendi kwenye stendi ya bodaboda na kutangaza kwamba umetoka hospitali unamtafuta fulani aliyevunjika mguu. Habari za afya ya mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua hivyo. Jirani haelezwi kilichomo katika faili, hata chifu haelezwi. Unamtafuta kwa jina, unajitambulisha kwa jina lako, unasema una ujumbe wake. Ukifika nyumbani unasalimia wakubwa kwanza, unakubali chai ukipewa, na swali la mguu linangoja chai iishe.

Ukimkuta anaumwa, kidonda kinatoa maji, ana homa, utafiti unawekwa kando. Hujifanyi daktari. Unampigia simu msimamizi wako pale pale na kuhakikisha kwamba mgonjwa anajua aende wapi na siku gani. Ukimkuta mzima, unamwomba achuchumae.

Usipomkuta, unauliza mke wake atarudi lini. Unaandika "hakupatikana", unaandika tarehe, na ni nani aliyekujibu. Huandiki kwamba amepona kwa sababu magongo umeyaona yameegemezwa ukutani. Kisha unarudi tena siku ya soko, kwa kuwa siku hiyo hata asiyetaka kuonekana na hospitali hushuka kuuza viazi.